Siku ya Posho Walipomzika Mzee wa Santrali

Majivu hayana haraka. Ukiyatazama asubuhi, kabla upepo wa Kamina haujaamka, utadhani kuna mtu ametandika shuka jeupe na kulisahau. Ndege weupe hutua katikati wakasimama juu ya kitu ambacho si maji wala si nchi kavu. Mimi nimekua nikiwatazama. Hadi leo nikiota jambo lolote, hata nikiota mitihani ya wanafunzi wangu, pembeni mwa ndoto lazima pawe na weupe ule.

Mahali pale tunapaita Santrali, ingawa mitambo ya umeme ililala zamani, makaa ya mawe yalipoacha kuja kwa treni kutoka Luena. Kilichobaki ni bomba la moshi ambalo mwewe wamelifanya nyumba yao, na mabwawa mawili ya majivu, moja dogo na moja kubwa. Wakati wa kazi majivu yalikuwa yanaletwa humo na bomba, mepesi kama uji wa mgonjwa, yakatulia, yakafanya ganda juu. Ganda lile ni uongo mkubwa kuliko wote ninaoufahamu, na mimi nafundisha darasa la sita, uongo nimeusikia wa kila aina. Ukiliona utasema ni ardhi. Mbuzi wameliamini, mbwa wameliamini, na mama yangu anasema baba naye aliliamini.

Baba yangu aliitwa Kapenda. Kazi yake ilikuwa kutembea ukingoni na kuangalia kama bomba limeziba. Siku moja ya kiangazi, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, alikwenda kazini na hakurudi. Kandambili zake zilikutwa ukingoni, zimepangwa moja kando ya nyingine, maana alikuwa mtu wa kupanga vitu, na akifika kazini alizivua ili avae mabuti ya kampuni. Hakuna aliyemwona akizama. Mama yangu, Mwadi, alisema ameingia bwawani. Baba mdogo Kayembe, ndugu yake baba wa tumbo moja, alisema amekimbia.

"Muntu anayekimbia haachi mabuti mupya," alisema Kayembe. "Anaacha kandambili."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na huku kwetu huja kwa treni. Kila msafiri aliyeshuka stesheni alikuwa amemwona baba. Mmoja alimwona Likasi akiendesha lori. Mwingine alimwona Kolwezi na mwanamke mweupe wa sura, amenenepa, ana duka la redio. Nilimchukia kila msafiri, kisha nikamwuliza maswali.

Kwetu mke hawezi kuanzisha matanga ya mumewe peke yake. Ni ukoo wa mume unaotoa neno, na ni ndugu wa marehemu anayetupa udongo wa kwanza. Hapo ndipo mjane hunyolewa nywele, huvaa nyeusi, hukaa chini na wanawake wenzake wakamsaidia kulia. Kayembe alikataa. Kumlilia mtu aliye hai ni kumloga, alisema, na yeye si mchawi. Basi mama yangu akabaki hapo katikati, si mke, si mjane. Kila mwaka, kabla ya misa ya marehemu ya mwezi wa kumi na moja, alikwenda parokiani kuomba jina la Kapenda lisomwe pamoja na wafu wengine. Kila mwaka aliambiwa kwa upole alete kwanza neno la ukoo. Halafu siku ya misa alisimama kanisani, amevaa kitambaa cha rangi, akasikiliza waume wa wenzake wakiitwa mmoja mmoja.

Alichokitaka duniani kilikuwa kidogo hivi: kumlilia mume wake mbele ya watu.

Mchana wa joto, akijinyoosha kwenye mkeka baada ya kutwanga sombe, majani ya muhogo, baba alimjia. Alinisimulia mara nyingi. Baba husimama mlangoni, mweupe kichwa hadi miguu, weupe wa pemba, ule udongo ambao wazee wetu walijipaka walipotaka kuongea na walio upande wa pili. Hakanyagi ndani. Mama humpa maji katika kikombe cha bati, na baba hutikisa kichwa.

"Hapana, Mwadi. Ningali ku kazi."

Kisha mama huamka, na kikombe kiko rafuni, kikavu.

Mimi ndoto yangu ilikuwa nyingine, na sikumsimulia mtu. Niliota Kolwezi. Baba ameketi kwenye benchi mbele ya duka la redio, ana kitambi, redio zote zinaimba wimbo mmoja. Kuna watoto nisiowajua wanamwita papa. Akiniona hashtuki. Anasogea kidogo kwenye benchi ili nikae. Sijawahi kukaa, huwa naamka kabla. Nilikuwa naamka na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na furaha ambayo ilinitia haya, kwa sababu baba aliyekukimbia ni baba aliye hai.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mama na mimi, katika nyumba moja na wanaume wawili wa jina moja. Wa mama alikuwa mweupe na mwaminifu. Wangu alikuwa mnene na mwongo, lakini alikuwa anapumua.

Kiangazi hiki ilikuja kampuni kutoka Lubumbashi kufunga mabwawa. Vumbi la majivu lilikuwa limechosha watu. Ukianika shuka unalianua limekuwa la kijivu, na visima vya upande wa bondeni vilikuwa na ladha ya chuma. Mkuu wa kazi alikuwa mwanamke kijana, injinia Chancelvie, kofia ya njano kichwani, sauti ndogo, na madereva wa mashine walimtii kuliko walivyomtii Mungu. Alileta mapampu. Maji yakaanza kushuka.

Mama alikwenda ukingoni kila siku na kikapu cha majani ya muhogo, kana kwamba anatafuta wateja. Wateja gani, kati ya mashine na mabomba? Alikuwa anatazama maji yakishuka. Nilimfuata siku moja baada ya shule, nikamkuta amesimama mbele ya injinia.

"Mutachimbula haya majivu, mama?" mama yangu alimwuliza.

"Hapana, maman," alisema Chancelvie. "Inabaki mule mule. Tunatosha maji na mapampu, tunaweka plastique ya nguvu juu, kisha argile ya kufinyanga, kisha udongo, kisha nyasi. Mvua haitaingia tena, na maji ya visima yenu itapona."

"Na bintu biko chini?"

"Yote inabaki chini, maman. Haitasumbua muntu tena."

Mama alishukuru, kwa sababu alilelewa vizuri. Tukarudi nyumbani. Jioni ile hakutwanga. Aliketi mlangoni, mahali pale pale ambapo baba husimama katika ndoto yake, akanitazama.

"Lise, banaenda kumufunika bila hata kumuita jina."

Nilipika bukari, ugali wetu wa kila jioni, na hakuna aliyekula.

Sasa nimwingize Philémon, maana bila yeye nisingekuwa na hadithi. Philémon ni mtangazaji wa mji. Ana baiskeli, ana megafoni aliyoifunga kwa mpira wa tairi, na ana Kifaransa alichokipata kwenye shule ya Wamethodisti, ambacho hapendi kukiweka ndani kisije kikapata kutu. Yeye ndiye anayetangaza chanjo, mbuzi waliopotea na ibada za Pasaka. Injinia alimwita, akampa kazi ya kuwaambia watu wasiogope kelele za mashine siku ya kufukia bwawa.

Ila madereva walikuwa wameyapa mabwawa majina. Dogo waliliita Petit. Kubwa waliliita Vieux, yaani Mzee, nalo jina likamkaa injinia mdomoni. Akamwambia Philémon: "Samedi matin, on enterre le Vieux. Que les gens ne s'étonnent pas du bruit."

Philémon akapanda baiskeli. Nilikuwa darasani naandika hesabu za sehemu ubaoni sauti yake ilipopita chini ya dirisha.

"Bantu ba Kamina, musikie. Siku ya posho, asubuhi, ku Santrali, batazika Muzee. Musishangae mukisikia makelele."

Chaki ikanikatikia mkononi. Kamina nzima inajua kuna mzee mmoja tu wa Santrali ambaye hajazikwa. Kabla ya Jumamosi hiyo tuliyozoea kuiita siku ya posho, tangu enzi za wazee waliopewa mgao wao wa unga siku hiyo, habari ilikuwa imeshaota miguu. Majivu yamekauka, mifupa imeonekana. Si mifupa, ni mtu mzima, majivu yamemtunza. Mabuti yalikuwa bado miguuni. Hakuna aliyeshangaa kuhusu makelele, kwa kuwa maziko gani hayana vilio?

Nilimtafuta Philémon, nikamkuta sokoni anakunywa maji.

"Injinia alikwambia nini, neno kwa neno?"

Akanisomea Kifaransa kile kwa madaha. Nikafumba macho.

"Papa Philémon, Vieux njo bassin, ile bwawa kubwa. Njo jina ya bassin."

Akashuka kwenye baiskeli polepole. "Enterrer ni kuzika," alisema.

"Ni kuzika. Ni kufukia pia."

"Yesu wangu. Miye nitazunguka tena, nitasema nilikosea." Alikuwa ameshashika megafoni, masikini. Hakuwahi kukosea, au hakuwahi kujua kwamba amekosea, ambayo kwa mtangazaji ni kitu kimoja.

Nikamwambia anisubiri kwanza nimwambie mama, nisije nikamwacha asikie barabarani. Nikaenda mbio. Nyumbani palikuwa pameshajaa. Wanawake walikuwa wamefika na mikeka, na mmoja alikuwa ameshatandika wake uani na kukaa, miguu imenyooka, kama anavyokaa mtu ambaye haondoki leo. Mama alikuwa chumbani anapiga pasi kitambaa cheusi. Sikujua kwamba alikuwa nacho. Kilikuwa na mikunjo ya miaka mingi.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa mbaya, "hawajamwona baba. Philémon amekosea. Vieux ni bwawa."

"Najua," alisema mama.

"Unajua?"

"Niko pale kila siku, nasikia bachauffeur ba mashini. Vieux, Vieux, kutoka asubuhi." Akageuza kitambaa. "Miye sikusema kitu. Philémon njo alisema, na megafoni."

"Anataka kuzunguka tena arekebishe."

Mama akaweka pasi chini. Uso wake sikuuzoea. Ulikuwa uso wa msichana ambaye ameokota kitu njiani na anaangalia kama kuna mtu amemwona.

"Mwambie apumuzike. Sauti yake iko mubaya, ataumia koo. Mupelekee chai ya tangawizi."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilipeleka chai. Philémon aliinywa bila kuuliza, na siku zile zote koo lake likawa na ugonjwa.

Alibaki Kayembe. Baba mdogo anaishi huko Base, kwenye kambi ya jeshi, anauzia familia za askari sabuni na betri, na akiulizwa kuhusu kaka yake hujibu kwa mkono, anaurusha upande wa Kolwezi. Mimi nilidhani hatakuja. Mama alicheka kidogo, kicheko kikavu. Huku kwetu ndugu asiyefika kwenye maziko ya ndugu yake huonekana kuliko marehemu. Watu hawamwulizi neno. Wanamtazama tu, na mtazamo ule humfuata hadi wateja wanaanza kununua sabuni kwingine.

Siku ya posho alifika kabla yetu sote. Alivaa koti la suti katika joto lile, na alikuwa ameleta kiroba cha unga.

Bwawa sikulitambua. Weupe wote ulikuwa umefunikwa na plastiki nyeusi, ng'ambo hadi ng'ambo, na juu yake upepo ulipita taratibu, ukiinua hapa na kulaza pale, mtu angesema kuna anayegeuka chini ya blanketi. Ndege weupe walikuwa wamesimama ukingoni, hawajui pa kutua. Malori ya udongo mwekundu yalingoja kwenye mstari. Na watu waliendelea kuja, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu kupitia mashamba ya muhogo, wakiweka mikeka chini na kuketi. Wimbo wa maombolezo ulianza kwa Kiluba, chini chini, bila aliyeuanzisha.

Injinia Chancelvie alitoka kwenye kontena lake akiwa na kofia mkononi. Alimtafuta Philémon kwa macho.

"C'est quoi, ça? Nani amekufa?"

Philémon alikohoa. Kifaransa chake chote kilikuwa kimekwenda likizo.

Mama alisogea mbele katika kitambaa cheusi. "Ni bwana yangu," alisema. "Kapenda. Alikuwa anachunga bomba ya hapa. Iko mule chini, na weye unaenda kumufunika. Sikukatazi, mwanangu. Kazi ni kazi. Lakini kwetu muntu habamufunike vile, bila ndugu yake kutupa udongo."

Injinia alitazama plastiki, akatazama umati, akamtazama mama kwa muda mrefu. Nilijua anahesabu joto, mafuta ya mashine na wakubwa wa Lubumbashi. Kisha akainua mkono kwa dereva wa kwanza. Mashine ikazimwa, na ya pili, na ya mwisho. Kimya kilichokuja kilikuwa kikubwa hata nikasikia plastiki ikipumua.

Macho yote yakamwendea Kayembe. Alilegeza kola.

"Mwadi, mule hamuna muntu," alisema kwa sauti ya chini. "Weye unajua. Philémon alikosea. Banasema bassin."

"Kama hamuna muntu, basi ni udongo tu," alisema mama. "Tupa. Unaogopa nini?"

Mtego ulikuwa pale, mwepesi na safi, na baba mdogo alikuwa na akili ya kutosha kuuona. Asipotupa, ni kwa sababu anaamini kaka yake yuko chini na ana lake la kuficha. Akitupa, amemzika. Jasho lilimshuka kwenye panja. Nilimchukia kwa miaka yote ile, lakini saa ile nilimwona alivyo, mtu mzee aliyevaa koti la suti, na nikaelewa jambo ambalo lilinikata maini: yeye pia alikuwa na wake. Alikuwa na Kapenda wake wa Kolwezi, na alikuwa amemlinda kwa meno.

Akainama, akachota udongo mwekundu.

"Kapenda," alisema, na sauti ikapasuka. "Kapenda, yaya, kaka yangu. Nenda muzuri."

Jina la mtu aliye hai haliitwi kaburini. Kila aliyekuwa pale alijua hivyo, na Kayembe kuliko wote. Udongo uligonga plastiki kwa mlio mdogo. Mama alikaa chini palepale alipokuwa, akafungua kilemba, nywele zake zenye mvi zikaonekana, akalia. Nilikuwa sijawahi kumsikia. Kilikuwa kilio cha mwanamke kijana, ndivyo kilivyokuwa kimehifadhiwa. Wanawake wote wakakipokea, na Philémon akaweka megafoni chini, akavua kofia.

Kisha wakanigeukia mimi. Mtoto wa kwanza hutupa baada ya ndugu.

Nilichota. Udongo ulikuwa na unyevu na baridi kidogo, umetoka ndani kabisa ya kilima. Mbele yangu, juu ya ule weusi, niliona benchi. Alikuwa ameketi pale na kitambi chake, redio zinaimba, na akasogea kama anavyosogea siku zote ili nikae. Safari hii sikuamka. Alinitazama kwa upole, akisubiri. Nilitaka kumwambia mama kwamba siwezi, kwamba huyu ninayemzika ni mwingine, ni yule anayepumua. Lakini mama alikuwa analia, mara ya kwanza, na mkono wake ulikuwa umeshika upindo wa gauni langu.

Nikatupa.

Injinia alisubiri hadi wimbo ulipoisha. Mashine zikawashwa, na zilifukia Vieux hadi jioni, na watu hawakushangaa na makelele.

Mama alinyolewa. Kayembe mwenyewe alimletea neno la ukoo, na mwezi wa kumi na moja jina la Kapenda lilisomwa kanisani, kati ya majina mengine, haraka haraka, padri alikosea hata namna ya kulitamka. Mama alilipokea kama mtu anayepokea mtoto. Baada ya siku chache aliamka kutoka usingizi wa mchana akaniita.

"Alikunywa," alisema. "Aliingia, alikaa, alikunywa kikombe yote. Alikuwa safi, haina majivu."

Nilimwambia nimefurahi, na ni kweli nilifurahi. Mvua zimeanza na nyasi zimeota pale Santrali, na ndege wamehamia mashambani.

Mwezi uliopita nilikwenda Kolwezi kwa semina ya walimu. Nilipita sokoni, mtaa wa maduka ya redio, bila kutazama uso wa mwanamume hata mmoja. Nilinunua samaki wakavu wa mama, nikapanda treni nikarudi. Tulipofika mbali na mji, mwanamume mmoja mnene alisogea kwenye benchi ili nikae. Nikamshukuru, nikakaa, na machozi yakanitoka hadi Kamina.